Mfagiaji Chapa Kiboko

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa tatu huu tangu niondoke nyumbani, na leo bahati imenikumbuka! Mnyapara ametangaza kwamba chuo kitampa mfanyakazi mmoja tuzo: likizo ya wiki mbili na tiketi ya kwenda kwao na kurudi. Wanafunzi na walimu watapiga kura kwa simu hadi Ijumaa. Mimi nafagia jengo la biashara, orofa zote. Mpinzani wangu wa maana ni mmoja, mlinzi wa lango. Tunamwita Shemeji kwa sababu yeye humwita kila mtu shemeji. Wanafunzi shemeji. Mkuu wa chuo shemeji. Hata dereva wa gari la maji taka! Na watu wanampenda kwa upuuzi huo. Amenipita kwenye ngazi akaniambia shemeji, pole mapema.

Nimempigia mama watoto, nimemwambia akae tayari. Akasema mtoto wetu mdogo anaamini baba yake anaishi ndani ya simu. Juzi ilipolia aliipelekea maji ya kunywa. Nilicheka. Halafu sikucheka. Lazima nishinde.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi umeanza kunukia. Katika jengo langu kuna mhadhiri, mama wa makamo, anayefundisha matangazo ya mtandaoni. Anayachukia anayoyafundisha, kama mpishi asiyekula mapishi yake. Siku za vipindi vyake mimi hufuta kioo cha mlango wa ukumbi, nimsikilize. Kimefutwa mpaka kinakaribia kutoboka.

Leo alikuwa na uchungu. Alisema makampuni yanatutamanisha vitu tusivyovihitaji, tunanunua, tunatupa, tunanunua tena. Alisema siku hizi hata binadamu anaambiwa ajigeuze chapa, auzwe kama sabuni, na kwamba huo ni msiba. Wanafunzi wakaandika msiba. Mimi nikaandika sabuni, kwenye kiganja. Mama wa watu anamwaga siri bure na darasa zima linasinzia!

Kwa hiyo nahitaji chapa. Unga una chapa, betri zina chapa, viberiti vina chapa. Simba ameshatumika mno. Jogoo amechoka. Nilikuwa napiga deki orofa ya pili iliponijia: kiboko! Mnyama mzito, na mtu hodari si huitwa kiboko? Mfagiaji Chapa Kiboko. Nimeegemea ufagio nikajipongeza kwa sauti.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda duka la kuchapisha na maneno yangu kamili: Ukimwona Mfagiaji Chapa Kiboko, mpigie kura. Mwenye duka akasema mstari mrefu hausomeki, inabidi augawe. Nikamjibu fundi ni yeye. Sikukagua, nilikuwa na haraka ya kufaulu. Nimebandika kila mlango, vyoo vikiwemo, maana huko msomaji hukaa ametulia.

Shemeji ameshinda kutwa langoni akiuliza watu hali za wazazi wao. Huko si kutafuta kura, ni kupoteza muda.

Alhamisi, 6 Machi
Pana mushkeli. Fundi aligawa hivi: mstari wa kwanza, UKIMWONA MFAGIAJI. Wa pili, mkubwa kuliko wote, CHAPA KIBOKO! Habari ya kura ameiweka chini kabisa, herufi kama sisimizi.

Asubuhi nzima nimekimbizwa na rula. Wasichana wawili wa mwaka wa kwanza waliniuliza kwa heshima kama nina nafasi ya kuchapwa sasa au baada ya kipindi. Shemeji alipanda ngazi na rungu lake, akanisalimu vizuri, akasema shemeji, sheria ni sheria, nianzie wapi? Mnyapara aliniita akataka kujua ni adui gani amenifanyia hivi. Nikamwambia ni mimi. Akasema ameajiri watu wengi, ila huyu wa kujitangazia kipigo ni wa kwanza.

Wacheke! Juzi walikuwa wananipita kama nguzo. Leo hakuna asiyenijua.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda! NIMESHINDA!

Mhadhiri alilirusha tangazo langu ukutani kwa projekta, kubwa kama lori. Ukumbi ulivunjika mbavu. Akawaacha wacheke weee, kisha akawauliza ni nani hufungua ukumbi huu kabla wao hawajaamka. Ni nani aliyeokota simu chini ya viti na kuirudisha? Binti mmoja akainua mkono, akasema ilikuwa yake. Mhadhiri akasema mtu huyo ana watoto mbali, na kwamba ametumia lugha ya soko kuomba jambo ambalo haliuzwi sokoni. Mimi nyuma ya mlango, kitambaa mkononi, sipumui. Nikaona simu zinatolewa, moja baada ya nyingine.

Jioni yakatoka matokeo. Shemeji wa pili! Alinikumbatia hadi mgongo ukalia, akasema angejua dawa ni kiboko angejichapa mwenyewe. Mama watoto alipiga kigelegele nikaiweka simu mbali na sikio. Natakiwa kuondoka Jumamosi ya tarehe 15.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda ofisini kwa mhadhiri kumshukuru kwa kunifundisha. Alishangaa. Akaniambia kaka yangu, tangazo lile nusura likung'oe meno, kura umepewa na ufagio wako. Nenda nyumbani, hizo mbinu ziache. Nikaitikia ndiyo mwalimu. Maskini! Msomi mzima, hajui nguvu ya chapa.

Mchana alifundisha uhaba wa kubuni. Kampuni inaficha bidhaa makusudi ili watu waitamani zaidi. Aliita ukatili. Kioo nilikifuta polepole sana.

Jumatano, 12 Machi
Nimeahirisha safari kwa wiki moja! Mnyapara ameonya kwamba likizo haisogei, kwa hiyo nyumbani nitakaa wiki moja badala ya mbili. Sawa. Lakini wiki yenyewe itakuwa adimu!

Mama watoto nilimweleza taratibu kuhusu uhaba. Akaniuliza nimeanguka kwenye ngazi? Akasema mimi si simu mpya, hakuna aliyepanga foleni kuninunua. Wanaoningoja ni watatu, nao walishanitamani zamani mpaka wamechoka. Akakata.

Nikakaa kitandani. Moyo uliingia baridi kidogo, sikatai. Kisha ukaja ujumbe wake: watoto wameuliza baba yuko wapi, nimewaambia ameisha dukani.

Ameisha dukani! Wiki haijapita na tayari soko limetikisika! Basi na ijulikane: nitafika Jumamosi, tarehe 22, jioni, na nikiona hamu imepanda zaidi, tarehe 24.