Vigingi Kwenye Kabichi Zangu

Jumamosi, 9 Machi

Nimechoka, na hata jembe sijashika. Leo bibi shamba, Rahabu, amekuja na kile chombo chake cha miti mitatu chenye umbo la herufi A, jiwe likining'inia katikati kwa kamba. Amepima mlima wote, kuanzia barabarani hadi korongoni. Kila jiwe linapotulia katikati, anapigilia kigingi. Huo ndio mstari wa mtaro wa kukinga maji ya masika. Mwaka jana udongo uliporomoka kule ng'ambo ukafukia mbuzi sita, na sasa kijiji chetu kizima cha Mgwashi ni waoga.

Sawa. Lakini mstari gani huu wa kupita katikati ya kabichi zangu? Vigingi kumi na viwili! Na kabichi zimebakiza wiki tatu tu! Nikamuuliza Rahabu kwa nini usipite juu kidogo, kwenye maharage ya Yusufu. Akasema yeye hapangi, jiwe ndilo linalopanga. Yusufu, jirani yangu wa juu na katibu wa kamati ya maafa, akacheka. Amepewa filimbi ya kupuliza hatari ikija. Filimbi hiyo niliitaka mimi.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi tumbo liliniuma ghafla. Nikamwambia mke wangu, Efrazia, atangulie kanisani na mtoto wetu Glory. Hazikupita dakika kumi, tumbo likapona. Yusufu alikuwa ameshuka gulioni. Nikang'oa vigingi vyote kumi na viwili, nikavipandisha hatua ishirini hadi kwenye maharage yake. Nikavipanga vizuri kuliko Rahabu mwenyewe.

Jioni Efrazia akauliza lini nitachimba kamfereji nyuma ya jiko. Anauliza tangu Glory yuko darasa la kwanza. Glory sasa yuko la nne. Nikamwambia mtaro mkubwa unachimbwa, kamfereji ka nini tena?

Jumatano, 13 Machi

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila kaya mtu mmoja na jembe moja. Rahabu yuko kijiji kingine hadi Jumatatu, shukrani kwa Mungu. Yusufu amefunga, hajagusa hata tone la maji, na bado amechimba mara mbili yangu. Mtu wa namna hii anaudhi.

Tulipofika mpakani pa shamba langu akasimama, akasema mbona hapa mtaro unapanda. Nikamwambia ni macho tu, mtu aliyefunga huona mambo. Wengine wakaniunga mkono, maana walitaka kumaliza warudi makwao. Yusufu akayatazama maharage yake. Akasema kama ndivyo kipimo kilivyosema, basi, akaanza kuyang'oa mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Usiku mzima wa jana nimejiandaa! Hakuna ugomvi. Sijisikii vizuri. Labda ni mgongo.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua! Tangu alfajiri, haijakata. Saa nane mchana Yusufu akapuliza filimbi. Kisha akashuka mwenyewe, amelowa chapachapa, akasema tupande kwake, nyumba yake iko juu ya mwamba. Efrazia akaacha sufuria mekoni, akamshika Glory mkono, wakaenda. Mimi nikabaki. Nani angelinda kabichi?

Nikasimama mlangoni nikiutazama mtaro. Maji yalikuja vizuri kabisa kutoka barabarani, maji matiifu. Yakafika mpakani, pale mtaro unapoanza kupanda, yakasimama. Nilidhani yatasukumana. Maji hayapandi mlima, jamani, nani asiyejua hilo? Yakajaa, yakapasua ukingo, yakashuka na nusu ya shamba langu. Kabichi zilinipita zikibingirika. Nikakimbia. Nyuma yangu jiko likaanguka, na wala halikufanya kelele nyingi.

Nusu saa kabla ya hapo Efrazia alikuwa mle ndani anachochea moto, na Glory kakaa miguuni pake. Leo siandiki zaidi.

Jumatatu, 18 Machi

Tunakaa kwa Yusufu. Mkewe, Halima, anatupikia mchana wakati yeye mwenyewe hali. Hakuna anayenisema, isipokuwa Efrazia, tena kwa Kishambaa, maana akikasirika Kiswahili hakimtoshi. Nimeona sufuria yake kwenye tope, imekunjamana. Nimeona aibu sana.

Rahabu amekuja kupima upya. Pembezoni mwa shamba, pale tope lisipofika, akakuta matundu matatu yaliyopishana sawasawa. Nikasema ni fuko. Akasema fuko wa Mgwashi wamesoma hesabu. Yusufu akayatazama matundu, akanitazama mimi, kisha akawageukia watu akauliza nani ana nguzo za kujengea jiko. Heri angenipiga!

Alhamisi, 21 Machi

Msaragambo wa jiko langu. Wamekuja watu thelathini. Yusufu amekanyaga udongo tangu asubuhi, midomo imemkauka. Nilipata haya hadi nikachimba kamfereji ka Efrazia peke yangu, nikakamaliza! Nikaapa moyoni kwamba leo namwambia Yusufu ukweli wote. Jua lilipozama nikamfuata barazani. Alikuwa anafuturu. Akanisogezea bakuli la uji kabla sijafungua kinywa.

Nikamwambia uji ni mtamu.

Ijumaa, 22 Machi

Rahabu amevirudisha vigingi palepale pa kwanza. Kumi na viwili, katikati ya kabichi zilizosalia. Zimesalia safu nne tu, na vigingi vinapita humohumo! Nimekaa mchana kutwa nikivitazama, na hatimaye kosa langu nimeliona. Nilihamisha vingi mno, nikavipeleka mbali mno. Pupa. Mtu mwenye akili angehamisha vitatu tu, hatua tano, wala maji yenyewe yasingejua.

Msaragambo wa kuchimba upya ni Jumatano. Jumapili hii ni ya Matawi, kijiji kizima kitakuwa kwenye maandamano, na Yusufu atakuwa gulioni. Nimemwambia Efrazia naona tumbo litaniuma Jumapili.