Droni Iliyozama Nchi Kavu

Jumatatu moja, saa tano asubuhi, Curtis Skaggs alikuwa mkahawani mjini Tacoma, Marekani, akipuliza supu yake ya chaza. Mara akasikia mezani nyuma yake mzee mmoja akisema kwa sauti ya kuungama:

"Nimeipoteza, Arlene. Droni ya kanisa zima, nimeipoteza mimi."

Curtis akaacha kupuliza. Wapo watu ambao hugeuka wakisikia mtoto analia. Curtis hugeuka akisikia droni imepotea. Akafuta mdomo, akavaa ule uso wa huzuni ambao hutembea nao kama wengine wanavyotembea na mwavuli, akasogeza kiti chake mezani kwao.

"Samahani, mzee wangu. Sikukusudia kusikiliza. Lakini kazi yangu ndiyo hiyo."

Akatoa kadi. Iliandikwa kwamba yeye ni mtaalamu wa kumbukumbu za safari za anga.

Hapa tumtendee haki mtu huyu. Utaalamu alikuwa nao kweli. Droni ikiruka, simu ya anayeirusha huandika kila kitu: imepita wapi, imeelekea upande gani, iko juu kiasi gani, betri imebaki ngapi. Mpe Curtis maandishi hayo na kikombe cha kahawa, naye atakuambia droni yako imenasa kwenye mti gani. Kwa kipaji alichojaliwa na Mungu angeweza kula kwa jasho lake na kulala vizuri. Yeye aliona njia fupi. Aliyasoma maandishi, akajua droni ilipo, kisha akamwambia mwenye droni kwamba imezama baharini. Mwenyewe akienda nyumbani kulia, Curtis alikwenda kuiokota na kuiuza mji wa pili.

Mzee yule aliitwa Harold Nygaard. Aliyekuwa naye ni Bi Arlene Tollefson, mwenye miaka sabini na sita, katibu wa kanisa la Kilutheri lililo juu ya kilima. Shida yao ilielezeka kwa pumzi moja. Dhoruba ya Novemba ilikuwa imeng'oa mbao za paa la kanisa. Watu wa bima walitaka picha za paa kama upepo ulivyoliacha, na mwisho wa kuzipokea ulikuwa Ijumaa. Harold alizipiga zote kwa droni, pamoja na zile za kamera ya joto zinazoonyesha maji yalipojificha. Baada ya picha ya mwisho aliona ghuba inang'aa, akatamani apige moja ya kalenda. Droni ikashuka upande wa pili wa kilima, wala haikurudi. Alipochoka kuisubiri, mafundi walikuwa wameshalifunika paa kwa maturubai.

"Kwa hiyo picha zote zimo ndani ya droni," Curtis alisema polepole.

"Kwenye kadi ndogo kama ukucha," Harold akajibu. "Bila hizo, bima hawatoi kitu. Krismasi tutaimba katikati ya ndoo."

"Na droni yenyewe ina kamera ya joto?"

"Inayo."

Curtis, aliyejua bei ya kamera kama hiyo, akafumba macho. Mtu asiyemjua angedhani anaomba.

Ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la kufulia nguo, Barabara ya Thelathini. Alihamisha kumbukumbu kutoka kwenye simu ya Harold, akageuza kompyuta upande wake, akabofya hapa na pale kwa muda wa kutosha watu kuogopa. Kisha akavua kofia.

"Hasi thelathini na nane," alisema.

"Ndiyo nini?" Harold akauliza.

"Ndiyo urefu, mzee wangu. Mita thelathini na nane chini ya sifuri. Sasa chini ya sifuri kuna nini?"

Harold akatazama dirishani, ghuba ilipo. "Maji?"

"Mimi sijatamka. Umetamka wewe. Pole sana." Akamshika bega. "Nikushauri kama mwanao. Zifute hizo kumbukumbu kwenye simu. Watu hukaa wakizitazama hadi wanakonda."

Harold akazifuta. Curtis akawaandikia cheti kwamba droni iko chini ya bahari, akakigonga muhuri wa bluu wenye nanga, akapokea dola themanini huku akitazama pembeni, kama mtu anayeonea aibu fedha.

Bi Arlene aliuliza, "Sifuri hiyo, kijana, inahesabiwa kutoka wapi?"

"Kutoka baharini, mama. Dunia nzima."

"Dunia nzima," Bi Arlene alirudia. Akakikunja cheti mara mbili, akakitia mkobani kwa uangalifu mkubwa.

Ndani ya gari alisubiri Harold afunge mkanda.

"Harold. Ulipoirusha, kabla haijaondoka chini, simu iliandika urefu gani?"

"Sifuri."

"Ulikuwa umesimama baharini?"

"Ah, wewe nawe! Nilikuwa kwenye maegesho ya kanisa."

"Maegesho ya kanisa yako mita mia moja na moja juu ya bahari. Nimepima ardhi ya wilaya hii miaka thelathini na mmoja, na kona ile niliipima mwenyewe nikiwa na mimba ya Kristin, nikitapika kila hatua ya kumi. Sifuri ya droni ni pale miguu yako ilipokuwa. Haya, toa thelathini na nane."

Harold akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Sitini na tatu. Juu ya maji?"

"Juu ya maji. Imo korongoni."

"Mungu wangu. Tumeibiwa!"

"Bado. Tutaibiwa atakapokwenda kuichukua."

Korongo lile lilikuwa na ekari kumi na mbili za beri nyeusi, mmea ambao Tacoma nzima huula mwezi wa Agosti na kuulaani miezi kumi na mmoja iliyobaki. Una miiba kama kucha za paka na hupanda juu ya mtu. Kampuni ya kufyeka ilisema ingepata nafasi baada ya wiki mbili. Vijana wa kanisa wasingeweza kuitwa, kwa sababu kijana wa kanisa alikuwa Harold, naye alikuwa na miaka sabini na moja na goti la chuma. Tena hata wangeingia, wangekwenda wapi? Mahali palijulikana na mtu mmoja tu, kwa kuwa kumbukumbu zilikuwa zimefutwa.

"Basi aende yeye," Bi Arlene alisema. "Ana nguvu, anapajua, na ana hamu. Sisi tuchague siku tu. Lorraine atatusaidia."

Bi Lorraine Bakke aliimba sauti ya kwanza kwayani, na kwa miaka hamsini alikuwa amelia katika kila harusi aliyoalikwa na nyingine mbili ambazo hakualikwa. Alasiri hiyohiyo alifika ofisini kwa Curtis na sahani ya keki za limau.

"Nimekuja kukushukuru, mwanangu," alisema, machozi yakiwa tayari. "Afadhali imezama. Ingeangukia korongoni, nisingelala."

"Kwa nini, mama?"

"Si mbuzi!"

"Mbuzi gani?"

"Wa jiji. Mia moja na ishirini. Wanafunguliwa korongoni keshokutwa alfajiri, wafyeke."

Msomaji asicheke. Huko mbuzi hukodishwa kama katapila, hufika kwa lori, hula miiba mchana kutwa na hawadai mapumziko ya chai. Curtis alikuwa amewaona mara nyingi. Akameza keki bila kuitafuna.

"Wanakula kila kitu," Bi Lorraine aliendelea, akijipangusa. "Mwaka jana walikula kiti. Kiti, mwanangu! Na waya za taa. Ee, utakula nyingine?"

Ulikuwa uongo mtupu. Bi Lorraine alitubu mara mbili kabla hajafika nyumbani, na katikati ya toba hizo alicheka mara moja.

Jumanne saa sita mchana mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake. Curtis alifika na mkasi mrefu wa bustani, glovu za ngozi na mkoba mkubwa. Kwenye kila mdomo wa njia ya korongo palikuwa na wazee kwenye viti vya kukunja, darubini shingoni. Hakuwajali. Katika mji ule wazee wenye darubini hawahesabiki, ni watazama ndege. Hata alimsalimu bibi mmoja.

"Leo ndege gani, bibi?"

"Tunamsubiri mmoja tu," bibi akajibu, akifungua chupa ya chai. "Mchana ni nadra kumwona."

"Kila la heri!"

"Na wewe, baba. Angalia usichubuke."

Alichubuka. Miiba ilimchukua kofia kwanza, kisha glovu ya kushoto, kisha kipande cha suruali ambacho sitakitaja, maana hadithi hii huenda ikasomwa na watu wa heshima. Alikata, akaanguka, akatambaa, akamtaja Yesu mara nyingi kuliko alivyomtaja katika miaka kumi iliyopita, ingawa si kwa namna inayopendekezwa. Lakini hesabu yake ilikuwa safi. Alijua kwamba simu ilinyamaza kwa sababu kilima kiliikinga, na kwamba droni isiyosikia simu hurudi yenyewe ilikorushwa. Kati ya pale iliponyamaza na kanisa ulisimama mti mmoja mrefu na mzee. Baada ya saa tatu aliufikia. Droni ilikuwa imening'inia kwenye tawi, usawa wa kifua, nzima kabisa.

Akaibusu. Akaitia mkobani, akashuka kwa njia ya chini ambayo hakuna mtu huipita.

Kwenye mdomo wa njia hiyo palikuwa na turubai la kanisa, birika la kahawa, na watu kumi na saba wakipiga makofi.

"Ni yeye!" Bi Lorraine alilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. "Amekwenda kututafutia! Kwa hiari yake! Na mvua hii!"

"Mimi... nilikuwa tu..." Curtis alianza.

Mchungaji Gunderson, mama mwenye mikono ya mchonga mawe, akamkumbatia kiasi kwamba miiba iliyokuwa nje ikaingia ndani. Alipomwachia, mkoba ulikuwa mikononi mwa Harold, droni mezani, na kile kikadi kidogo kati ya vidole vya Bi Arlene.

"Ulikuwa tu nini, kijana?" Bi Arlene aliuliza.

"Mama, nisikilize. Tunaweza kuelewana."

"Ndiyo maana nimekuja na karatasi." Akazitandaza mbili kando ya vikombe. "Hii unaijua, ina nanga yako. Inasema droni iko chini ya bahari. Hii nyingine ni fomu yetu ya watu wa kujitolea. Ukiisaini, basi ulikosea hesabu, roho ikakusuta, ukaja kutusaidia bure. Usiposaini, ulikuwa unatuibia. Yule mwenye kofia ya kijani ni hakimu mstaafu."

Mwenye kofia ya kijani akainua kikombe chake kwa adabu.

Curtis akatazama korongo. Akatazama hakimu. Akasaini, na damu kidogo ikaanguka kwenye tarehe.

"Na dola zetu themanini?" Harold akauliza.

"Mwache, Harold," akasema Bi Arlene. "Fundi wa kufyeka angetutoza elfu mbili."

"Jumapili usikose, mwanangu," Bi Lorraine akamwambia, akimpa leso. "Kutakuwa na shukrani ya pekee kwa ajili yako. Na kapu litapitishwa."

"Kapu?" Curtis aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukapata uhai.

Picha zilitumwa jioni hiyo. Ijumaa saa nne watu wa bima walijibu kwamba watalipa paa lote, hadi mbao za chini.

Jumapili Curtis alikuja na suti. Walimketisha kiti cha mbele, Harold kulia, hakimu mstaafu kushoto. Kanisa lilijaa, na kamera juu ya mimbari ilikuwa ikirusha ibada kwenye mtandao kwa ajili ya wagonjwa, majirani, na wale wote wanaokimbilia jua la Arizona wakati wa baridi. Mchungaji akawaomba watu wainamishe vichwa.

"Bwana," akaomba, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, "tunakushukuru kwa ajili ya Curtis Skaggs, wa chumba namba nne, nyuma ya duka la kufulia nguo, Barabara ya Thelathini, ambaye namba yake ya simu imeandikwa chini kwenye karatasi ya nyimbo. Tunakushukuru kwamba Jumatatu alituandikia cheti kuwa droni yetu imezama, na Jumanne ukampa macho akaitoa kwenye mti. Wewe peke yako unajua ni wangapi katika mji huu wana cheti kama hicho. Wafariji, Bwana. Wafahamishe kwamba urefu huhesabiwa kutoka pale mtu aliposimama akirusha, si kutoka baharini. Wape ujasiri wa kumpigia leo, maana umempa moyo wa kujitolea."

Curtis alikuwa amefumba macho, safari hii kwa dhati. Simu ilikuwa imeanza kutetemeka mfukoni kabla ya "Amina." Ilitetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena, hadi Harold akajisogeza kidogo kumpa nafasi, lakini si nafasi ya kupita.

Kapu nalo lilikuja, kama alivyoahidiwa. Lilianzia kwake, likiwa tupu, na hakimu mstaafu akalishika mbele ya kifua cha Curtis bila kulisogeza, akisubiri atie kitu.