Nta ya Ipole kwenye Upinde wa Fidla

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Watu wamepumzika, sisi tisa tuko ukumbi wa parokia hapa Chemchem na fidla mabegani. Mgeni amefika! Mwalimu Advera. Yeye fidla ndiyo kazi yake, analipwa mshahara, si kama sisi tunaolipwa soda. Atakaa wiki moja. Jumapili atachagua mmoja wetu, aende naye Dar es Salaam miezi miwili kujifunza.

Mmoja tu. Yaani mimi. Nina miaka kumi na tisa, matokeo yangu ya kidato cha nne siyaandiki hata humu, na baba ameshanitumia ujumbe kutoka Ulyankulu kwamba jembe langu la tumbaku ameliwekea mpini mpya. Dar au tumbaku. Hakuna la tatu.

Tatizo ni Mitali, binti wa Popatlal wa duka la vitambaa. Ana miaka kumi na sita. Anafanya mazoezi kila siku. Kila siku! Huo kwangu ni uroho.

Jumanne, 8 Julai

Mwalimu Advera kasema pinde zetu zinateleza kwa sababu ni kavu. Lazima zipakwe dawa: kipande cha utomvu mgumu wa msonobari. Akatoa kimoja. Kimoja, watu tisa! Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, nikapata vumbi lake.

Lakini nilikitazama vizuri. Cha njano. Kigumu. Kinanukia msitu. Nikacheka kimoyomoyo. Mtoto wa Tabora nifundishwe hicho? Nikampigia mjomba Nikolaus wa Ipole, mfugaji nyuki. Anatuma bonge zima la nta kwa basi la asubuhi. Kaniuliza kama nimeanza kutengeneza mishumaa. Nikamjibu haya ni mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 9 Julai

Nta imefika. Nimepaka upinde wote, sikubania. Nikavuta.

Kimya.

Nikavuta tena kwa nguvu zote. Kimya kabisa! Upinde unapita juu ya nyuzi kama unapita hewani. Nikatokwa jasho. Muda wa mazoezi ukawa umeshafika, nikaenda hivyo hivyo, nikasimama na wenzangu nikavuta kimya changu.

Mwalimu akazunguka nyuma yetu. Akasema leo upande wa dirishani umekuwa msafi ajabu, jana kulikuwa na kitu kinakwaruza. Upande wa dirishani ni wangu. Kilichokuwa kinakwaruza ni mimi.

Kisha akanisimamisha mbele ya wote! Kasema watazame mkono wa Dismasi, unavyokwenda umenyooka, haupigani na fidla. Kweli haukupigana. Havikukutana hata kidogo. Mitali kaniangalia sana. Mimi nikatazama dari kwa unyenyekevu.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya tatu nasifiwa. Nimeshaanza kuamini kwamba kipaji changu ni cha macho, si cha masikio.

Halafu pigo. Mwalimu katangaza wawili watakaopiga Jumapili mbele ya wazazi: Mitali na Dismasi. Kila mtu peke yake. Peke yake! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Shangazi Eustadia, ninayekaa kwake, kaita jumuiya nzima waje kunisikia. Kunisikia, jamani!

Jumamosi, 12 Julai

Nta lazima itoke. Maji ya moto, sabuni ya unga, upinde ndani ya beseni. Nta haikutoka. Nywele za upinde zikasokotana, zikawa fundo. Nikafikiri: kitu kilichojikunja kinanyooshwa na nini? Pasi!

Ilikuwa pasi ya mkaa ya shangazi. Nilipitisha mara moja tu. Harufu ilifika hadi kwa jirani. Shangazi akatoka mbio kuuliza nani anababua kichwa cha mbuzi, na kama supu itakuwepo. Alipoona akakaa chini kwenye ngazi. Kasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia mimi nilitaka cha juu ya kabati. Hakucheka. Kasema zimebaki nywele chache kuliko za kidevu changu.

Jumapili, 13 Julai

Nilipanga kuugua. Shangazi kagoma. Nikaenda na upinde umefungwa kwenye kanga.

Mitali akaniona mlangoni, akauliza kaka Dismasi, mbona umekonda usiku mmoja? Nikamfunulia. Akanipa upinde wake, umepakwa dawa vizuri, kasema nitangulie mimi yeye atafuata. Nikaona aibu mpaka magoti. Lakini niliupokea haraka.

Nikavuta. Loo! Baada ya siku nne za kimya, nilijisikia. Umati wote ulinisikia. Mtoto mchanga alianza kulia, mama yake akamtoa nje, na kina mama wengine wawili wasio na watoto wakamfuata. Shangazi alikuwa anasali, nilimwona midomo.

Kisha Mitali. Sijui niandikeje. Ule wimbo mfupi tulioukariri wiki nzima, kumbe ulikuwa mzuri hivyo! Mzee Popatlal alikuwa anafuta miwani. Mimi nililia, na si kwa wivu. Kidogo kwa wivu.

Dar anakwenda Mitali. Mwalimu Advera akaniita kando, akaunusa upinde wangu, akauliza mbona unanukia asali. Nikasema yote. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akawa makini. Kasema mkono ninao kweli, hakunidanganya, ila sikio langu ni vivu. Akanipa upinde wake wa zamani, uwe wangu! Sharti moja: saa moja ya mazoezi kila siku, polepole, nijisikilize. Akirudi Desemba atanipima, na nikifaulu naenda Dar. Baba nitamwomba avumilie. Nimeapa kwa jina la bibi yangu.

Jumatatu, 14 Julai

Mitali kaondoka. Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kama Mitali hayupo, nani mpigaji bora wa fidla hapa Chemchem? Hesabu ni nyepesi.

Nimebandika kadibodi kwenye geti la shangazi: MAFUNZO YA FIDLA KWA WATOTO, MWALIMU DISMASI. Hadi jioni wamekuja sita. Shikamoo mwalimu! Marahaba. Tamu kuliko asali ya mjomba.

Mama mmoja, Tunu, kauliza mwanawe atatoa sauti lini. Nikamwambia mwezi wa kwanza ni mkao tu, sauti ni jambo la mwisho. Kaniamini. Upinde wa Mwalimu Advera unafaa sana kuwanyooshea mgongo.

Ile saa moja ya mazoezi sijaifanya. Mwalimu nina kazi nyingi.