Firigisi ya Kiti Namba Sifuri

Protus Khaemba,
Kwa Gichuki, Uchapaji na Kompyuta,
Nyuma ya Soko, Bungoma.

14 Septemba, 1998

Kwa Waheshimiwa Wenye Lugha ya Kompyuta Iitwayo Orsa,
Ng'ambo.

YAH: LUGHA YENU ILIVYOMNYIMA MZEE WEPUKHULU FIRIGISI

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii itawakuta mmeketi, kwa maana mkiisoma wima mtahitaji kushikwa.

Kwanza mnijue. Mimi ndiye Protus, anayewasha na kuzima kompyuta ya Gichuki hapa Bungoma. Mashine ni ya Gichuki, lakini akikwama ananiita mimi, na nikishamkwamua anasema alikuwa ananipima tu. Shule niliiacha kidato cha pili. Walimu walikuwa wamebakiwa na kitu kidogo cha kunifundisha, na hicho kidogo kilikuwa hesabu.

Diski ya Orsa tuliachiwa na mgeni mmoja wa kujitolea aliyepitia hapa akielekea Kitale, pamoja na kitabu chake cha maelezo. Mmeandika wenyewe kwenye jalada kwamba lugha hii ni ya bure, kila mtu aitumie, ampe na jirani, na akiona kasoro awaandikie. Mkasema mwandikiwe kwa barua ya umeme. Hapa Bungoma umeme wenyewe huja ukijisikia, kwa hivyo nimetumia stempu.

Kisa ni hiki. Dada yangu mkubwa, Nakhungu, anaolewa na Wabwile, mwalimu wa shule ya msingi kule Kitale. Au niseme alikuwa anaolewa. Baba yake Wabwile alifariki mwaka jana, kwa hivyo upande wao unasimamiwa na baba yake mdogo, Mzee Wepukhulu, mtu mrefu, mchache wa maneno, ambaye akinyamaza watu huanza kukiri makosa ambayo hawajaulizwa. Jumamosi walikuja kwetu Misikhu kula kuku na kupanga siku ya harusi.

Sasa nyinyi wa ng'ambo pengine hamjui. Kwetu kuku si mboga, ni katiba. Kila kiungo kina mwenyewe. Firigisi, ile tunayoita imondo, ni ya mkubwa wa wageni, na isipomfikia basi hajala, hata akimaliza kuku mzima na kuomba mchuzi. Karamu iliyotangulia hapo kwetu ilivunjika kwa sababu wajomba wawili walidai firigisi moja, na mpaka leo mmoja akionekana barabarani mwingine anaingia kwenye mahindi ya watu.

Ndipo nikamwambia baba yangu, Mzee Jairus, "Wacha kompyuta igawe." Baba akafikiri mpaka ng'ombe wakamaliza kukamuliwa. Akasema, "Sawa. Kompyuta haina shemeji." Akatangaza mbele ya ukoo kwamba karatasi ikishatoka kwa mashine, hakuna mkono wa kuibadilisha. Mimi nami nikatangaza kidogo, hapa sokoni, na kule Webuye, na kanisani baada ya matangazo. Nikaandika programu kwa Orsa. Ikatoka karatasi ndefu yenye matundu pembeni, baba akaibandika mlangoni kwa ugali. Yaliyofuata nayaweka kwa namba, nanyi mjibu kwa namba, tusizungushane.

1. Somo la kwanza la kitabu chenu linafundisha kompyuta kuisalimu dunia nzima kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayepita kwa baiskeli akiteremka mlima. Huku watu husalimiwa mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, na unauliza habari za mifugo. Lakini niliwaheshimu. Nikaandika HUJAMBO DUNIA kama mlivyotaka, kwa Kiswahili ili wazee waelewe, na programu yangu nikaijenga chini yake. Kitabu kinasema mtu asiendelee mpaka aone maneno hayo. Hakisemi popote ni lini ataacha kuyaona. Kwa hivyo yalitoka juu kabisa ya karatasi kwa herufi kubwa. Mama mmoja wa upande wa Kitale akayasoma mlangoni, akamnong'oneza mwenzake, "Dunia ndiye nani, na mbona hatujamwona?" Nikaenda kuangalia kuni. Mimi, bana, kukimbilia kuni.

2. Ukurasa wa tisa mnasema mtu akikwama amwone mtawala wa mahali pake. Nilikwama, nikatii. Nikaendesha baiskeli mpaka kwa chifu msaidizi wetu, kwa sababu mtawala mwingine wa karibu simjui. Alinisikiliza vizuri. Akaniuliza kama hiyo Orsa ni kikundi kilichoandikishwa, na kama wanachama wake wana vitambulisho. Nikasema wako ng'ambo. Akasema basi jambo ni zito, niilete kompyuta barazani Alhamisi, ijieleze mbele ya wananchi. Gichuki amekataa kuitoa. Sasa mimi niko katikati ya serikali na Gichuki, na ni nyinyi mmeniweka hapo.

3. Ukurasa wa ishirini mnasema kuna amri ya kupanga, na kwamba ukiiamuru, majina yatakaa "katika mpangilio unaostahili." Mimi ni mtu wa kuamini kilichoandikwa. Nikaamuru. Kumbe mpangilio unaostahili, kwenu, ni wa A mpaka Z. Waheshimiwa, nani aliwaambia kwamba utu uzima huanza na A? Kwetu Bungoma wanaume wengi majina yao huanza na W, na akina mama na N. Mmewatupa wanaume wote mkiani kwa amri moja. Aliyetangulia ni Aggrey, mdogo wangu wa darasa la kwanza, ambaye alikuja mezani na kombeo shingoni. Akafuata baba, mwenyeji, akakaa juu ya wageni wake mwenyewe kama mtu aliyewaita kuwahukumu. Akafuata Nakhungu, bibi harusi, badala ya kuwa jikoni anaona haya. Mzee Wepukhulu akawa wa mwisho kabisa, mlangoni, mahali kuku hai hupitia.

Na bado. Mama yangu anaitwa Sellah. Mkwe wake ni Wabwile. Hebu semeni wenyewe, kutoka S mpaka W hapo kwetu kuna nani katikati? Hakuna. Mmemkalisha mama na mkwewe bega kwa bega, benchi moja. Kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani. Wakikutana njiani mmoja hupisha hadi kwenye mtaro. Mama alipoisoma ile karatasi alitoka mbio kupitia mlango wa nyuma, akaacha kiatu kimoja, na hakurudi mpaka wageni wakaondoka. Wabwile alibaki anakitazama kile kiatu, jasho linamtoka, kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga.

4. Kugawa. Kuku walikuwa watano, walaji kumi na wanne. Niliiambia Orsa igawe. Ikasema kila mtu apate 0. Nikafungua kitabu, nikakuta mmeandika kwamba namba nzima ikigawanywa, kinachobaki "hutupwa." Kuku watano, waheshimiwa, hutupwa. Mlilelewa wapi? Shangazi yangu Nasipwondi, aliyekuwa jikoni, alishika ile karatasi akaniuliza, "Protus, hawa wageni tunawalisha au tunawafungisha?" Lakini baba alikuwa ameapa kwamba karatasi haibadilishwi. Wakakaa kamati nyuma ya jiko, baba na shangazi, wakijadili kama sifuri inaweza kusomwa kama kipande kimoja. Wakati huo wageni walikuwa wamekaa kimya ndani, bila neno. Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena, ndipo kamati ikaamua kwamba sifuri ni kipande kimoja. Hata Aggrey alinyamaza, jambo ambalo hatujawahi kuliona.

5. Hili ndilo limeniua. Sifuri.

Viti nilivihesabu kama binadamu. Kiti cha kwanza ni namba moja, nikaandika majina kuanzia hapo. Vile viungo vya kuku niliviingiza kwa njia ya mkato ya ukurasa wa thelathini na moja, ambayo mmeisifu sana. Firigisi nikaitaja kwanza kwa heshima yake. Mlipaswa kuniambia kwamba hiyo njia ya mkato huanza kuhesabu kwa sifuri. Hamkuniambia. Mmeliweka kwenye maandishi madogo chini ya ukurasa wa hamsini na nne, mahali ambapo mtu wa haraka kama mimi hana biashara. Mtoto wenu wa kwanza akizaliwa mnamwita wa sifuri? Mkipika chapati, ya kwanza kutoka jikoni inakuwa haijatoka?

Matokeo ni kwamba karatasi ilianza na kiti namba sifuri, jina hakuna, kiungo: firigisi. Na baba, kwa vile alikuwa ameapa, akakitafuta kiti cha sifuri. Akaleta kile kiti chake kikubwa chenye kitambaa cha kufuma, akakiweka mbele kabisa, juu ya watu wote, kitupu. Shangazi akaleta firigisi kwenye sahani ya maua, akaiweka mbele ya kiti ambacho hakina mtu. Viungo vyote vikasogea. Aggrey akapata paja. Mzee Wepukhulu, mkubwa wa wageni, aliyetoka Kitale akiwa amevaa koti la harusi yake mwenyewe, akapata miguu. Ile miguu, waheshimiwa, yenye kucha.

Alikitazama kile kiti. Akaitazama ile firigisi. Akala miguu yake pole pole mpaka mwisho, akanawa, akasimama, na upande wao wote ukasimama. Siku ya harusi haikutajwa. Waliondoka bila hata kuomba maji ya kunywa, na mzee alikuwa na machozi machoni. Mtu wa umri ule, kulizwa na kuku.

Baba ameniambia nisikanyage Misikhu mpaka nilete maelezo ya maandishi kutoka kwa wenye lugha. Mama ananitumia salamu kwa siri, pamoja na ombi la kiatu. Lakini ni Nakhungu anayeniuma. Dada yangu si mtu wa kelele. Alikunja kile kitenge alichokuwa amekishona kwa ajili ya Desemba, akakirudisha sandukuni, akaniambia, "Si neno, Protus. Wewe ulitaka kusaidia." Angenichapa ningeshukuru. Yeye ndiye aliyenifulia sare mpaka siku niliyoiacha shule, na ndiyo shukrani niliyomlipa.

Kwa hivyo naomba yafuatayo, na ninaomba kwa adabu kwa sababu sina nauli ya kuja kuomba vingine.

Mnitumie barua yenye muhuri, muhuri wa duara, wa mstatili baba hauamini, ikisema kwamba Mzee Wepukhulu alipata miguu kwa makosa ya sifuri yenu wala si kwa dharau ya nyumba ya Jairus. Halafu mchague wazee watatu wa lugha, watu wenye mvi, waje Kitale wakiwa na jogoo mzima aliye na firigisi yake, wamwombe mzee msamaha. Njia ni rahisi: wakifika Bungoma waulize Protus, kila mtu ananijua. Toleo lijalo la Orsa lianze kuhesabu kwa moja, lipange watu kwa umri, na ligawe kuku mpaka mfupa wa mwisho. Na likiona mama mkwe na mkwe kwenye karatasi moja, lisimame lenyewe.

Mkikataa, nitatengeneza lugha yangu. Nimeshaanza. Ina amri moja, lakini hiyo moja ina heshima.

Nasimama hapa kalamu ikiwa bado moto. Nisalimieni wake zenu na waume zenu, mama zenu waliowavumilia, aliyechora zile picha za mishale, hata yule wa ukurasa wa hamsini na nne, ambaye namsamehe kama Mkristo lakini tusikutane. Gichuki anawasalimu. Anasema hahusiki.

Wenu katika masikitiko,

Protus Khaemba,
Mkuu wa Mashine (Gichuki akiwa hayupo).

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Wabwile alipoingia hapa leo, amevaa tai. Nikaingia chini ya meza. Akainama, akasema, "Shemeji, toka huko, nimetumwa."

Inaonekana Mzee Wepukhulu alinyamaza njia nzima mpaka Kitale, na siku iliyofuata akaita ukoo. Akawaambia kwamba tangu azaliwe hajaingia nyumba yenye adabu kama ya Jairus. Ati tulimwekea marehemu kaka yake kiti cha juu kuliko watu wote, tukampa firigisi yake, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Ati wanaume tuliwaweka chini ili wakumbuke wanakoelekea. Ati kabla ya kula tulikaa kimya kirefu cha kumkumbuka, hata watoto. Ati mama wa nyumba alipomwona mkwe alikimbia mpaka akapoteza kiatu, na heshima ya namna hiyo ilikuwa imekwisha duniani. Na yale maneno ya juu ya karatasi, HUJAMBO DUNIA, alisema ni kaka yake anawasalimu kutoka aliko. Hapo mzee akalia tena. Harusi ni Desemba. Nakhungu ameshakitoa kitenge sandukuni. Baba naye ameniita nyumbani, na anawaambia majirani kwamba wazo la kiti lilikuwa lake.

Kwa hivyo, waheshimiwa, malalamiko yote nimeyaondoa isipokuwa namba mbili, maana chifu msaidizi bado anaingojea kompyuta. Hayo mengine msiyaguse. Kama mmeshaanza kurekebisha, rudisheni kasoro mahali pake kabla ya Desemba, kwa sababu Mzee Wepukhulu ameagiza harusi nzima ipangwe na mashine hiyo hiyo, na upande wao wana marehemu wengi. Na mtu akija huko kwenu kuuliza ni nani aliyeanza kuhesabu kwa sifuri, tafadhali semeni ni Protus wa Misikhu.