Siafu Siku ya Mtihani wa Ubatizo

Leo nimeadhirika! Walimu wenzangu mlioko Nduruma, habari itawafikia tu, maana walioshuhudia ni wengi na midomo yao mnaijua. Bora muisikie kwangu mwenyewe.

Darasa langu la ubatizo mnalifahamu. Kuna watoto wanaoshika somo kabla sijamaliza kulisema. Kuna mzee Lemburis, ambaye Amri Kumi hazimkai kichwani mpaka aziimbe. Kuna binti mwenye kigugumizi, ukimngoja anajibu vizuri kuliko wote (kungoja ndiyo kazi inayonishinda). Na kuna Mama Ndesario, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, kiziwi tangu kuzaliwa. Hasikii wala hasemi.

Mwanawe, Ndesario, alibatizwa, akafa kwa homa, akazikwa makaburi ya kanisani. Asiyebatizwa hazikwi pale. Mama alinionyesha kwa kidole kaburi lile, kisha akajigusa kifua: anataka siku yake ikifika alale karibu na mwanawe, basi, hana jingine. Kwa ajili hiyo anapanda huku kila siku ya somo, iwe mvua, iwe baridi.

Nikamtungia ishara. Muumba: mikono juu kuelekea kilele cha Meru, kisha itandaze chini. Dhambi: piga kifua. Msamaha: nawa mikono. Nikifanya, anafanya. Alizishika zote upesi hata nikajisifu kwa Mchungaji: "Bwana Mchungaji, kiziwi wangu anaijua dini kuliko wenye masikio!" (Huu mdomo wangu huu!) Naye, Mjerumani wa watu, akakubali amtahini kwa ishara, hadharani, leo.

Asubuhi nikavaa suruali. Nyeupe! Ya kwanza maishani mwangu, zawadi ya Mchungaji mwenyewe. Nilipita njia ndefu makusudi ili watu waione. Kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na paa letu linavuja, mtihani ukafanyiwa nje, uwanjani. Nikachagua mahali pazuri pa kusimama, ninapoonekana na wote. Chini sikutazama.

Mzee Lemburis aliimba amri zake hadi Mchungaji akawa anafuatisha kwa mguu. Amepita. Yule binti alijibu polepole, watu wakamngoja. Amepita. Nikavimba kichwa. Akaitwa Mama Ndesario.

"Je, unamwamini Mungu Muumba?" Mchungaji akauliza. Nikageuza swali kwa mikono. Mama akainua yake kuelekea mlimani, taratibu, uso umetulia. Mchungaji akatabasamu.

Hapo ndipo siafu wa kwanza alipofika gotini.

Nilimvumilia. Wa pili nikamvumilia. Lakini siafu hawatembei wawili, jamani! Nikajipiga paja, pa! Mama Ndesario, amenikazia macho, akajipiga paja, pa! Nikajifinya nyuma. Naye akajifinya nyuma. Nikaruka mguu mmoja. Akaruka, maskini, na magoti yake yale mabovu.

"Mwalimu," Mchungaji akasema, "hilo sijaliuliza. Ni nini?"

Ningesema "siafu", yote yangekwisha. Lakini nitatajaje siafu walio ndani ya suruali aliyonipa, mbele ya watu wote wale?

"Ni... ni mateso ya jehanamu, Bwana Mchungaji." (Hapo sikuwa nadanganya sana.)

Akamgeukia mama, akamtazama akijipigapiga na kurukaruka, akinifuata mimi kila hatua. Tabasamu likamtoka. "Huyu anaiga tu," akasema.

Nilitaka kujibu, lakini mmoja akafika asikopaswa kufika mtu. Nikapiga yowe, nikakimbilia migombani, suruali ikawa magotini kabla sijafika. Na kule migombani kulikuwa na nani? Akina mama wote wa kanisa, wanamenya ndizi za karamu!

"Mwalimu! Kuna nini?"

"Siafu!"

"Vua upesi basi! Sisi tumezaa wana, huna kipya cha kutuonyesha."

Walinitoa siafu huku wanacheka hadi wanakaa chini. Mmoja akanipa shuka, nikajifunga lubega. (Ningevaa hivyo toka asubuhi kama baba yangu, ningewakung'uta mara moja yakaisha.) Nikarudi uwanjani, nikaungama yote. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Nikadhani tumeokoka.

"Lakini, Mwalimu," akasema, "kama amewajibu siafu kama alivyomjibu Mungu, mimi nitajuaje tofauti? Asubiri mwakani."

Mwakani! Na kifua chake kinavyokohoa siku hizi. Nimeona haya, na nimeumia.

Jioni amekuja kwangu. Akasimama mlangoni, akajipiga paja, akajifinya, akaruka kidogo, kisha akafungua viganja na kuinua nyusi: hii ina maana gani? Nikaokota siafu aliyebaki kwenye ile suruali, nikamwonyesha, nikampandisha mguuni kwangu. Akaelewa papo hapo. Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia akicheka, nami nikacheka naye.

Alipomaliza kufuta macho, akainua mikono kuelekea mlimani. Akapiga kifua. Akanawa mikono. Kisha akafungua viganja na kuinua nyusi vilevile, akangoja.

Miezi yote hiyo sikuwahi kumwambia zina maana gani.

Kesho tunaanza upya, ishara ya kwanza. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi, lakini yeye mwacheni.