Ada ya Kuutazama Mlima

Kibaka huangalia mfuko. Tapeli aliyeiva huangalia ramani, maana anayekunjua ramani mezani ametangaza mambo mawili: ana hela za safari, na hajui anakokwenda. Tullio Rezzonico alikuwa ameiva. Aliiona ramani ile toka mlangoni mwa mgahawa wa stesheni ya Olten, akavuta kiti cha jirani, akaagiza kahawa ndogo kuliko zote, akatega sikio.

Wenye ramani walikuwa mama wawili watu wazima. Vreni Oberli, mnene na mcheshi, alikuwa kiongozi wa kwaya ya wanawake ya kijiji cha Trubegg. Rösli Gfeller, mwembamba na mkavu, alikuwa mweka hazina. Kati yao ililala pochi nyekundu iliyovimba: hela za keki walizouza mwaka mzima. Kwaya ilitaka kutembea siku mbili, Jumamosi Luzern na Jumapili Zürich, waone ziwa la kila mji, wale vitamu, warudi nyumbani.

Tullio naye alikuwa na haja yake. Kule kwao Lugano, ng'ambo ya milima, mchumba wake Graziella alikuwa amempa neno la mwisho: alete mchango wake wa kibanda cha aiskrimu kabla ya Jumapili usiku, la sivyo yeye anaolewa na daktari wa meno. Na daktari huyo, jamani, alikuwa na mashua! Tullio alishakusanya sehemu kubwa, akitembea nayo mfukoni. Pengo lililobaki lilikuwa saizi ya ile pochi nyekundu.

"Samahani, mama zangu," akasema, akivua kofia. "Nimesikia mnataja Luzern. Ada ya daraja mmeshalipia?"

"Ada ipi tena?" Vreni akashtuka.

"Lile daraja la mbao. Kuvuka, ada. Kukalia benchi la ziwani, ada. Kuwatazama mabata-maji, ada, ingawa ukitazama kwa jicho moja wanakupunguzia."

"Hee! Na mlima Pilatus?"

"Siku ya ukungu, bure. Ukionekana vizuri, mama, hapo ndipo watu wanapouza ng'ombe."

"Na Zürich je?" akauliza Rösli.

Tullio akafumba macho kama aliyefiwa. "Zürich usiniulize. Kule hata kupiga chafya wanakudai. Lakini mimi nina watu wangu. Kwaya nzima nawapatia kila kitu nusu bei, mradi mnilipe mapema."

Nusu bei! Vreni akang'aa uso mzima. Rösli alimtazama Tullio taratibu, toka kola iliyopigwa pasi hadi soksi iliyotoboka.

"Una huruma wewe, mwanangu," akasema. "Ila hela ya kwaya haiendi kwa mtu ambaye hatujala naye chungu kimoja. Njoo Ijumaa mchana Trubegg, tule jibini, tuyamalize."

Ijumaa Tullio akatua kijijini, nywele zimepakwa mafuta. Kwaya ilikuwa imeketi katika baa ya mume wa Vreni, kwenye meza moja iliyoanzia dirishani ikaishia mlangoni, vyungu vya jibini iliyoyeyushwa vikitokota juu ya moto. Sheria ni ya mababu: unachoma kipande cha mkate kwa uma mrefu, unakichovya, unakula. Kikizama, unainunulia meza nzima divai.

Tullio alikulia upande wa kusini, kwenye ugali wa mahindi. Jibini ya chunguni hakuijua, lakini alicheka kimoyomoyo. Mchezo wa watoto huu!

"Mgeni wetu hali mkate wa jana," akasema Rösli, akamwekea mkate laini, wa moto, uliotoka jikoni dakika ile. Wenzake walitafuna mikate mikavu ya kuvunjia dirisha. Tullio akawaonea huruma, maskini, watu wa milimani.

Akachoma, akachovya, akavuta. Uma ukarudi mtupu.

"Umezamaaa!" kwaya ikaimba kwa sauti nne.

"Bahati mbaya tu," Tullio akacheka. Divai ikaletwa, mezani pote. Akachovya polepole: umezama. Akachovya kwa kasi: umezama. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, akiomba dua. Umezamaaa! Mume wa Vreni alikuwa akikimbia na chupa, jasho linamtoka kwa furaha. Kila Tullio alipotaka kuinuka, Rösli aliipapasa pochi nyekundu na kusema, "Tumalize chungu tu, mwanangu." Naye akaketi.

Chungu kilipokauka, hela yote aliyomwekea Graziella ilikuwa imehamia kwenye droo ya baa. Rösli akaitia pochi nyekundu kwenye mkoba wake, akafunga.

"Na safari yetu?" Tullio akauliza.

"Safari ipo. Lakini lile daraja nililivuka siku ya harusi yangu, na sikudaiwa hata senti. Na mkate wa moto haukai kwenye uma. Hilo hapa analijua hata paka."

Hapo Tullio akalia. Alilia kweli, akasimulia habari za Graziella, za kibanda, za mashua ya daktari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuongeza chumvi. Kwaya nzima ikatoa vitambaa.

"Basi tubebee mizigo siku mbili," Vreni akasema akipenga kamasi. "Jumapili tukiwa Zürich tutakukatia tikiti ya kwenda kwenu. Hela huna, lakini ukiwahi ukapiga magoti, nani ajuaye?"

Akabeba. Luzern alilivuka daraja na mabegi shingoni, akaanguka kwenye benchi la ziwani, akawatazama mabata-maji kwa macho yote mawili. Pilatus ulisimama mweupe kutwa nzima, bila hata uzi wa ukungu. Zürich upepo wa ziwani ukampiga puani, akapiga chafya.

Jumapili alasiri Rösli akampa tikiti yake dirishani mwa treni. Treni ikaanza kusogea, Tullio akaisoma, akatoa kichwa nje.

"Mama Rösli! Hii inaishia Göschenen! Ni upande huuhuu wa mlima! Graziella yuko ng'ambo!"

"Tumekata ada zako, mwanangu!" Rösli akapaza sauti, akitembea kando ya behewa. "Daraja, benchi, mabata-maji! Tena tumekuhesabia nusu bei!"

"Nusu bei ndiyo inaishia Göschenen?"

"Mlima ulionekana vizuri mno! Halafu ukapiga chafya!"

Treni ikashika kasi. Nyuma yake, pale stesheni, kwaya ya Trubegg ikajipanga, Vreni akainua mkono, na sauti nne zikamsindikiza Tullio kwa neno moja tu, ambalo sasa alilijua vizuri.