Tufaa la Wagiriki, Jicho la Shangazi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Alief, ughaibuni.

Nina hasira. Leonce atapeleka posa kwa kina Yasinta, msichana ninayempenda mimi, Jumamosi ya wiki ijayo. Leonce huyuhuyu anayejipaka mafuta mpaka kola inang'aa! Nimemwomba Twalibu, rafiki yangu pekee, awe mshenga wangu, tumtangulie. Kakataa. Eti mdomo wangu utamponza. Basi sitaki mshenga. Leo garini nimesikiliza mhadhara: Mgiriki wa kale alimrushia msichana tufaa. Akilidaka, kampenda. Watu wenye akili! Mhadhiri akaongeza kwamba ndoa zenyewe zilipangwa na akina baba. Hapo nikazima.

Jumatano, 8 Oktoba.

Mazoezi nyuma ya fleti. Tufaa limepasua taa ya gari la jirani. Kanifokea Kivietinamu. Nimemjibu Kichaga.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Sherehe ya komunio mjini Sugar Land, kwa Melania, shangazi aliyemlea Yasinta. Yasinta kasimama karibu na jiko la nyama, mzuri hadi nikakasirika. Nikarusha. Akainama. Shangazi, nyuma yake, hakuinama.

Jicho limefura. Nikawaeleza habari za Wagiriki. Yasinta, nesi, huku akimkanda Shangazi kwa barafu, akasema hata Wagiriki wangelenga mikono. Wazee wakakaa kikao palepale. Faini ni mbuzi, na msamaha niuombe kwa kinywa cha mtu mwingine, maana mkosaji hajisemei. Mshenga tena! Twalibu akatazama viatu vyake. Leonce akajitolea, anatabasamu. Sikuwa na mwingine. Namchukia.

Jumamosi, 18 Oktoba.

Nilichagua mbuzi mnono kwenye duka la halali, wasinione bahili. Leonce akampeleka pamoja na posa yake. Twalibu alikuwepo. Anasema Leonce aliniombea msamaha kwa maneno matamu hadi Shangazi akatokwa na machozi, jicho bovu likatangulia. Wazee wakasema anayebeba mzigo wa mwenzake ndiye mkwe. Yasinta akaulizwa, akasema anamtaka.

Wakamchoma mbuzi wangu kusherehekea. Mimi nikapigiwa simu nipitie dukani, ndimu zimewaishia. Nikazipeleka. Nilikuta shingo tu. Nimelia garini njia nzima, na si kwa sababu ya shingo.

Jumapili, 19 Oktoba.

Twalibu ananishauri niachane na watu wa kale, nijifunze kuzungumza na watu wa sasa. Hajui kitu. Kosa lilikuwa tunda. Tufaa ni jepesi, upepo kidogo tu linapotea njia. Watu wa Babeli walilisomea komamanga dua za mapenzi, kisha mwanamke akalinyonya. Sijasikia popote kwamba ni marufuku kulirusha.

Harusi ni Desemba. Nimealikwa. Nimenunua makomamanga makubwa, mazito. Jirani kaniona nayo, kahamisha gari.